Mafuta ya Mchaichai na Jina Langu kwenye Lebo

Kuna watu hapa Kisumu ambao hadi leo wakiniona sokoni wanageuza uso. Baadhi yao niliwafundisha kazi mimi mwenyewe, nikawaonyesha jinsi ya kufungua kifuniko cha pipa la mvuke bila kuunguza vidole. Sitawaomba msamaha. Nimestaafu, magoti yananiuma, na kama uzee una faida moja, basi ni kwamba hakuna anayeweza kunitisha kwa kunifuta kazi. Kwa hiyo nyinyi vijana mnaosomea maabara, na nyinyi mnaotaka kukamua mafuta ya majani mkayauze kwa simu, nisikilizeni kidogo. Sitafuata miaka kwa mpangilio. Nitasema jinsi yanavyonijia.

Naitwa Dorsila Akinyi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifanya kazi katika karakana ya mafuta, nje kidogo ya Mamboleo. Mafuta yetu yalikuwa ya nyasi. Nikisema hivyo watu hucheka, kama kwamba nimesema tulikamua mawe. Lakini kuna nyasi zenye harufu, na harufu hiyo ni mafuta yaliyojificha ndani ya jani. Kuna mchaichai, ule mnaotia kwenye chai. Kuna ndugu yake sitronela, anayefukuza mbu. Na kuna nyasi nyingine inaitwa palmarosa, ambayo ukiisugua mkononi utadhani umeshika ua la waridi. Wakulima waliotuletea majani walikuwa wengi wao akina mama wa pale karibu, kila mmoja na kipande chake cha shamba.

Tulisema tunakamua, ingawa hakuna kinachokamuliwa. Unashindilia majani ndani ya pipa, unapitisha mvuke kutoka chini, mvuke unapanda na mafuta, unaingia kwenye bomba lililozungushiwa maji baridi, unarudi kuwa maji. Mwishoni unapata chombo chenye maji chini na mafuta yanayoelea juu, ya manjano kama mafuta ya alizeti. Pipa zima la majani linakupa mafuta ya kujaza kikombe cha chai, na siku nyingine hata hicho kikombe hakijai. Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini watu wanashawishika kudanganya.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Shabani. Alizaliwa hapa mjini; baba yake alikuwa fundi cherehani aliyetoka pwani, mama yake mtu wa hukuhuku ziwani. Alivaa kofia yake nyeupe hata karibu na boila, chombo cha kuchemshia maji ya mvuke, na haikuwahi kuwa na doa. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, changu kilikuwa kile cha nyumbani kwetu cha kuchanganya na Kijaluo, na alinisahihisha mpaka siku alipostaafu. Niliposema "mafuta imetoka," alisimama akasubiri, kama mwalimu, mpaka niseme "yametoka."

Mzee Shabani alipima mafuta kwa pua. Alichovya kijikaratasi chembamba, akanusa, akakiweka, akarudi kukinusa baada ya saa moja, kisha jioni. Alisema harufu ya kwanza ni salamu tu, usiiamini. Asubuhi hakuoga kwa sabuni ya harufu wala hakuvuta sigara. Mimi nilidhani ni madoido ya wazee. Siku moja nilikula omena, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga nyumbani, nikaja kazini na vidole vilevile bila kunawa, nikanusa mafuta ya siku hiyo na kutangaza kwamba yameoza. Nilisimamisha kazi nzima. Watu wakaosha mabomba, wakafungua pipa, wakatafuta samaki aliyefia ndani. Mzee Shabani alikuja, akanusa mafuta, akanusa mkono wangu, akaniambia niende nikanawe. Kwa mwezi mzima wenzangu waliniita Mama Omena.

Lakini kosa lililonifunza kazi halikuwa hilo. Mwaka wangu wa kwanza niliachiwa boila peke yangu, nikazama kwenye mazungumzo na mama mmoja aliyeleta majani, maji yakaisha chini ya pipa. Majani yakaungua. Mafuta yalitoka yakiwa na harufu ya moshi. Nikaogopa. Nikayamimina ndani ya dumu la mafuta mazuri ya jana yake, nikatikisa, nikadhani mengi mazuri yatameza machache mabaya. Yalivyo mafuta ya harufu, machache mabaya ndiyo yanayomeza. Dumu lote likaharibika.

Mzee Shabani hakunipigia kelele. Aliniletea daftari la kazi akaniambia niandike kwa mkono wangu: niliunguza, nikaficha. Nikamwomba aniruhusu niandike tu kwamba niliunguza. Akakataa.

"Mafuta hayana mdomo, Dorsila," aliniambia. "Hayawezi kusema yalikotoka. Wewe ndiye utakayeyasemea. Ukiyasemea uongo, hakuna mwingine atakayejua."

Niliandika. Nililia nikiandika, nikiri tu.

Miaka ikaenda. Mzee alikuwa bado yupo tulipoletewa mashine. Aliyekuja nayo alikuwa Daktari Nekesa, si daktari wa hospitali bali wa kemia, binti mwembamba aliyependa kufanya kazi akiwa amevua viatu. Chuo kilikuwa kimekubaliana na mwenye karakana wa wakati ule kwamba achunguze mafuta yetu yameundwa na nini. Ilikuwa mashine ya gesi: unaidunga tone moja dogo, inalipitisha kwenye mrija mrefu uliojikunja kama nyoka, kila kitu kilichomo kinatoka kwa wakati wake, na karatasi inachora vilima. Mafuta ya mchaichai yana vilima viwili vikubwa vilivyosimama karibukaribu. Hivyo ni mapacha, na kwa pamoja wanaitwa sitrali. Ndio harufu ya limau unayoisikia. Kando yao kuna vilima vidogovidogo vingi. Palmarosa ina kilima kimoja kirefu, jeranioli, na ndiyo harufu ya waridi.

Mimi nilidhani Mzee Shabani ataichukia mashine. Badala yake alivuta kiti akakaa mbele yake kama mtu anayetazama mpira. Nekesa, kwa utani, akamwekea chupa tano za mchaichai asizijue, akamwomba aseme lolote. Mzee alichukua muda wake. Akasema nne ni sawa, ila ya tatu imekaa wazi juani. Zikapitishwa kwenye mashine: katika chupa ya tatu wale mapacha walikuwa wamepungua, na vilima vipya vimeota mahali ambapo havikuwepo. Kweli Nekesa alikuwa ameisahau dirishani. Tangu siku hiyo waliheshimiana, na mimi nikajifunza kwa wote wawili. Wekeni mafuta kwenye chupa ya kahawia, jazeni mpaka shingoni ili hewa isipate nafasi, ondoeni maji yote, na plastiki nyembamba wekeeni maji ya kunywa, si mafuta. Hayo sitayarudia.

Halafu Nekesa akanionyesha kipimo kingine, na hiki ndicho kilicholeta maneno yote.

Mmesoma habari za antioksidanti. Kwa lugha ya jikoni, ni vitu vinavyozuia hewa isiharibu vingine. Mafuta ya samaki yakikaa wazi yanachacha. Ukiweka kitu chenye antioksidanti, yanachelewa kuchacha. Kupima, unachukua unga fulani wa kemikali, unauyeyusha kwenye spiriti, unapata rangi ya zambarau kali. Unatia kitu unachokipima, unaweka gizani nusu saa. Kama kina nguvu hiyo, zambarau inafifia na kuwa manjano. Kisha unapima kwa mwanga imefifia kiasi gani.

Tulipima mafuta yetu kwa wiki nyingi. Tukaweka mafuta ya karafuu kando kulinganisha, na karafuu ilifuta zambarau upesi kama mtu anayefuta ubao. Mchaichai wetu ulijikokota. Nilihuzunika, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuyaona mafuta yetu kama wanangu. Nekesa akacheka, akasema si vibaya, si ajabu, ndivyo yalivyo. Akaandika hivyohivyo. Tukaijaribu pia kwenye mafuta ya kupikia: matone machache yalichelewesha kuchacha kidogo. Kidogo, vijana. Aliandika "kidogo" na akapiga mstari chini yake.

Nekesa akarudi chuoni, Mzee Shabani akastaafu na baadaye akafariki, Mungu amweke pema. Mimi nikabaki msimamizi wa maabara. Mwenye karakana naye akazeeka akauza, na aliyenunua nitamwita Bwana Okumu, ambalo si jina lake.

Sitasema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, alijua majina ya watoto wetu, alikuja msibani na kukaa mpaka mwisho. Alikuta wanunuzi wa nje wamepungua na madumu yamejaa stoo, na wakulima wanaulizia kama majani yao yatachukuliwa msimu ujao. Alitafuta njia. Akasoma faili la Nekesa, akakuta kile kipimo cha zambarau, akaja maabara akiwa amefurahi kweli. Alitaka kukiona kwa macho.

Nikamwonyesha. Baada ya dakika kumi akaangalia saa. Aliniambia watu hawana subira ya nusu saa, akaniuliza kama siwezi kupunguza ile zambarau iwe nyepesi zaidi, ili ifutike haraka. Nilijua maana yake. Zambarau ikiwa nyepesi sana, karibu kila kitu kitaifuta. Nilimwambia hivyo. Akasema ni ya maonyesho tu, si ya kipimo, si ya kuandikwa popote.

Nikapunguza. Nataka mlisome neno hilo polepole: nikapunguza. Nilimchanganyia chupa ndogondogo za zambarau nyepesi, sanduku zima, kwa mikono hii. Nilijiambia ni mchezo wa sokoni.

Wauzaji wake wakazunguka nazo mpaka Luanda Kotieno, pale kivuko kinapoondokea kwenda Mbita, ambapo watu wanasubiri wakiwa hawana la kufanya. Wanamwaga tone la mchaichai ndani ya zambarau, rangi inaruka manjano, wanasema: hii zambarau ni damu yako ilivyo chafu, na hivi ndivyo mafuta yetu yanavyoisafisha. Wakapiga video, ikaenea kwenye simu kama moto. Chupa zikatoka na lebo mpya. Ilisema mafuta husafisha damu na kushusha sukari, matone matano kwenye maji kila asubuhi. Na chini, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka, ilisema yamepimwa na D. Akinyi, mtaalamu wa maabara.

Nilipoiona lebo nilikwenda ofisini kwake. Alishangaa kwamba nimekasirika. Akasema si nimeyapima? Jina langu si liko kwenye faili? Nikamwambia nilipima rangi, sikupima mgonjwa. Akaniahidi kwamba lebo za awamu ijayo zitabadilishwa. Nikakubali kungoja. Nilikuwa nimebakisha muda mfupi kustaafu, na nilitaka kuaga kwa keki na picha kama wenzangu. Nikangoja wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Katika wiki ya tatu nikapigiwa simu kwamba Pilista amelazwa.

Pilista ni rafiki yangu wa kwaya. Anauza omena pale Dunga, anawaanika kwenye nyavu chini na kuwafukuza ndege kwa sauti ambayo hata katikati ya kwaya inatambulika. Ana ugonjwa wa sukari wa miaka mingi. Nilimkuta wodini amejifunga shuka, mguu wake wa kulia umevimba na vidole viwili vimekuwa vyeusi. Binti yake alinieleza nje ya mlango kwamba mama aliacha vidonge karibu mwezi mzima. Kidonda kidogo cha mguuni kikageuka hivyo.

Niliingia nikakaa kando ya kitanda. Nikamuuliza kwa nini aliacha dawa bila kuuliza mtu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Niliuliza, nyamera," alisema, akiniita dada yake kama siku zote. "Nilisoma kwa chupa nikaona jina lako. Nikajua kama Dorsila amepima, imepimwa."

Nilitoka nikatembea kwa miguu kutoka hospitalini mpaka nyumbani, mbali hivyo, na sikumbuki nilipita wapi.

Siku tatu baadaye kulikuwa na mkutano karakanani. Bwana Okumu alikuwa ameita wakulima wote na wauzaji, akaweka hema na viti, ili atangaze kwamba biashara imefufuka na kila mtu aongeze shamba la mchaichai. Mimi nilipangiwa kuonyesha zambarau mbele ya watu. Angeweza kumpa mwingine, lakini watu waliniamini mimi.

Nilivaa koti langu jeupe. Nikapanga chupa mbili za zambarau mezani, zile nyepesi. Nikatia mafuta ya mchaichai katika ya kwanza. Ikageuka manjano, watu wakapiga makofi, Bwana Okumu akainua mikono.

Mbele yangu alikuwa ameketi mama mkulima mwenye thamosi yake miguuni. Nikamwomba anipimie chai kidogo kwenye kifuniko. Ilikuwa strungi, chai ya rangi isiyo na maziwa. Nikachovya mrija, nikatia tone moja kwenye chupa ya pili. Zambarau ilikufa hapohapo, upesi kuliko ile ya mafuta, upesi mno mpaka wa nyuma wakaanza kuuliza nini kimetokea.

Nikainua chupa zote mbili wazione.

"Hii ni mafuta yenu, na hii ni chai ya thamosi," nilisema. "Chai imeshinda. Kuna mtu hapa amewahi kupona sukari kwa strungi?"

Mtu mmoja akacheka. Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikimeza mate tu nitaogopa. Nikawaambia kwamba rangi kufutika ndani ya chupa haimaanishi mtu kupona. Nikawaambia zambarau hii niliipunguza mimi mwenyewe ili iwadanganye. Nikawaambia nina rafiki amelazwa kwa sababu ya jina langu, na mwenye jamaa yeyote aliyeacha vidonge amrudishe hospitali leo. Bwana Okumu alikuja karibu nami akitabasamu, akawaambia watu kwamba Mama amechoka, amefanya kazi miaka mingi bila likizo. Nikamwambia sijachoka, na nikabaki nimesimama pale mezani mpaka akaacha kutabasamu.

Hapo ndipo mkulima mmoja, mzee ninayemheshimu na ambaye majani yake nilikuwa nimeyapokea miaka yote, aliposimama nyuma ya hema. Hakuwa na hasira na Okumu. Alikuwa na hasira na mimi.

"Mama, nimeng'oa mahindi nikapanda mchaichai," alisema. "Sasa unataka watoto wangu wale nyasi?"

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote niliyowahi kuulizwa katika kazi yangu. Nilimwambia sitaki watoto wake wale nyasi, na sitaki pia watu wengine walishwe nyasi hizo kama dawa. Akatikisa kichwa akaondoka, na wengi wakamfuata. Huyo mzee hajaniongelesha mpaka leo. Simlaumu. Lakini pia sirudishi neno hata moja.

Barua ya kufutwa ilinifikia kesho yake asubuhi. Hapakuwa na keki. Baadaye Bwana Okumu alinitumia mtu na pendekezo: niandike kwamba niliyafanya yale kwa uchungu wa rafiki na kwamba kipimo ni halali, naye atanipa barua nzuri ya kustaafu. Nilimwambia yule mtu arudi na salamu zangu tu. Mume wangu akasema barua nzuri ya kustaafu hatungeitundika ukutani hata hivyo, maana ukuta wenyewe una unyevu.

Msidhani dunia ilinyooka baada ya hapo. Okumu alipata mtu mwingine wa kuweka jina kwenye lebo, na akauza kwa miezi kadhaa zaidi. Mimi nilizunguka. Nilikwenda Dunga nikasimama kati ya nyavu za omena nikawaambia akina mama mmoja mmoja. Nilipanda gari mpaka Luanda Kotieno nikafanya ile ile ya strungi mbele ya foleni ya kivuko, na muuzaji wake akaniita mchawi. Nikampigia Daktari Nekesa, naye akaandika barua kwa wahusika akieleza kipimo chake kilisema nini na hakikusema nini. Wauguzi wa kliniki ya sukari nao walikuwa wameanza kuona wagonjwa wa chupa. Mwishowe wakaguzi wakaja, lebo zikaondolewa, na Okumu akafunga karakana akahama. Sijui yuko wapi, na simtafuti.

Pilista alikatwa vidole viwili vya mguu. Alipotoka hospitali nilikwenda kwake, nikamweleza yote, pamoja na zile wiki tatu ambazo nilijua na nikanyamaza nikingoja keki. Sikujipunguzia. Alikuwa akichambua mchele, aliendelea kuchambua.

"Hizo wiki tatu nilikunywa chupa nzima," alisema hatimaye.

Nikasema najua. Akachambua mpaka sinia likaisha. Kisha akaniambia nibandike maji, wali hautajipika. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza. Kila siku yake ya kliniki mimi humpitia tukaenda pamoja. Tunabishana njiani kuhusu nyimbo za kwaya.

Mnaweza kuniuliza kama majani yale yalikuwa ya bure basi. Hapana, na msinisikie vibaya. Mafuta ya mchaichai ni kitu kizuri. Yananukia, yanakata harufu ya samaki mikononi kuliko kitu kingine ninachokijua, sitronela inasumbua mbu kwa muda, na yanachelewesha vitu vingine kuchacha, kidogo. Hiyo inatosha. Kwa nini isitoshe? Sijaelewa bado kwa nini kitu kizuri hakiruhusiwi kuwa kizuri kwa kiasi chake.

Karakana ilipofungwa, akina mama kumi na wawili kati ya wakulima walinijia. Wengine walikuwa wameondoka na yule mzee siku ya hema. Walikuwa wamelipata pipa moja kuukuu na bomba lake, na majani yalikuwa yamesimama shambani. Nilitaka kukataa, nikakumbuka swali la watoto na nyasi, nikavaa viatu vya mpira. Tukaziba matundu. Nikawafundisha kuanika majani kivulini siku moja kabla ya kuyaingiza, kuyashindilia bila kuacha njia ya mvuke kupenya pembeni, na kutoongea na mtu yeyote wakati wa kulinda boila. Sasa tunatengeneza sabuni ya kipande. Akina mama wa samaki pale Dunga ndio wateja wetu wakubwa.

Lebo niliiandika mimi. Kijana wa kuchapisha, aliyesomea mambo ya biashara, alinisihi niongeze angalau neno "antioksidanti," maana watu wanalipenda. Nikamwambia achape nilichoandika: sabuni ya mchaichai, jina la kikundi, na vitu vyote vilivyomo. Akasema haitauzika. Imeuzika kiasi chake.

Anayeiuza ufukweni ni Pilista, amekaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha ndani ya kiatu kipana. Juzi nilikuwa nimesimama nyuma yake alipokuja mwanamume mmoja aliyevaa suti, mgeni, akachukua kipande akakinusa, akakigeuza huku na huku akitafuta maandishi.

"Mama, hii sabuni inatibu nini?" akauliza.

Pilista akaichukua kutoka mkononi mwake, akaifuta vumbi, akamrudishia.

"Uchafu," alisema.